Jumamosi ya Tarehe Ishirini

Shufaa alikuwa na miaka thelathini na sita, na kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuchapa maneno ya watu wengine. Alikaa kwenye steshenari moja karibu na mahakama, Mbeya mjini, kompyuta mbele yake na foleni nyuma ya bega. Aliyeachwa, aliyedhulumiwa kiwanja, aliyetaka kuapa kwamba jina la kwenye cheti na jina la kwenye kitambulisho ni la mtu mmoja, wote walipita kwenye vidole vyake. Kiingereza cha mahakama alikichapa haraka kuliko alivyokielewa.

Siku moja karani wa wakili alimletea rufaa ya mzee mmoja wa Ubaruku aliyekuwa akigombea shamba la mpunga. Shufaa akaona tarehe ya hukumu imeandikwa vibaya, imerudishwa nyuma mwezi mzima, na kwa tarehe hiyo rufaa ilikuwa imeshachelewa. Akamwonyesha karani.

"Wewe chapa tu," karani akamwambia.

Akachapa. Baada ya miezi mitatu mzee yule alikuja kutoa fotokopi ya uamuzi. Rufaa ilikuwa imetupwa kwa kuchelewa. Mzee hakugomba. Alimwomba Shufaa amsomee ile karatasi kwa Kiswahili, pole pole, kisha akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Jioni ya siku hiyo Shufaa alimwambia mumewe, Farhan, kwamba anataka kusomea sheria.

Farhan alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mtu wa maneno machache. Hawakuwa na mtoto, na waliishi kwenye nyumba ndogo nyuma ya maduka ya Mwanjelwa. Shufaa alikuwa ameishia kidato cha nne, kwa hiyo njia pekee aliyoiona ilikuwa mtihani maalumu wa watu wazima wa kujiunga na chuo kimoja cha Iringa: karatasi mbili, na kila moja lazima ufikishe hamsini. Ya kwanza ni ya kupima fikra, ya pili ni ya Kiingereza na misingi ya sheria. Alifanya mwaka uliotangulia. Ya kwanza akapata hamsini na tano. Ya pili akapata arobaini na saba.

"Jaribu na mwaka huu," Farhan alisema. "Ukishindwa tuache, tufanye mambo mengine."

Akajiandikisha tena mwezi wa nne. Tarehe kumi Mei, siku ya Jumamosi, Farhan alikuwa mashineni Ubaruku akisubiri mpunga ukobolewe. Alilalamika kichwa kinamuuma, akaketi juu ya gunia, akaegemea ukuta. Walipomgusa bega alikuwa ameshakwenda. Alizikwa Mbeya asubuhi iliyofuata, na Shufaa akaanza kukaa eda, miezi minne na siku kumi ya mjane wa Kiislamu kutulia nyumbani kwa mumewe.

Mama mkwe wake, Bi Mwantumu, alikuja kutoka Iringa kukaa naye. Alikuwa mama wa miaka sabini na moja, uzao wa watu wa Kilwa walioletwa nyanda za juu na biashara, na Farhan alikuwa mwanawe wa mwisho. Dini inamruhusu mjane kutoka mchana akiwa na dharura, lakini Bi Mwantumu hakutaka kusikia habari ya dharura. Hakuna barazani, hakuna dukani, hakuna manukato wala wanja. Alitundika kalenda ya duka la pembejeo ukutani, na kila baada ya swala ya alfajiri alifuta siku moja kwa kalamu nyekundu.

Chumba cha Shufaa kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa matofali wa jirani. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na soko. Aliwasikia wauza mitumba wakinadi, makondakta wakiita Uyole, Kabwe, Mafiati, na vijana wa mkokoteni wakiomba njia. Alikuwa hatua mia moja kutoka Mwanjelwa na kwa wiki nzima hakuona hata sura moja ya Mwanjelwa isipokuwa waliokuja kumpa pole. Baada ya wiki tatu hao nao wakapungua. Idi ya kuchinja ikaja ikapita yeye amekaa juu ya mkeka. Kisha ikaja baridi ya mwezi wa sita, ile ya kuvaa sweta mbili, na nyumba ikanyamaza kabisa.

Vitabu vyake vilikuwa chini ya kabati, ndani ya begi lililofungwa zipu. Hakuligusa.

Aliyemsumbua ni Faustina. Huyu alikuwa mama wa miaka arobaini na moja, muuza nyanya wa Ilula, pale kando ya barabara kuu ambapo mabasi husimama na wanawake hukimbilia madirisha na ndoo vichwani. Walifahamiana kwenye mtihani wa kwanza, walipokaa ngazi moja wakila chapati, na wote wawili walifeli. Faustina alisema hataki sana kuwa wakili. Anataka tu kuacha kuogopa karatasi.

Mwisho wa wiki ya tatu alipiga simu baada ya alasiri, akamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, dada. Umelala?"

"Nipo macho."

"Umesoma?"

"Faustina, mume wangu amekufa."

"Najua, mwenzangu. Nimekuuliza kama umesoma."

Shufaa alikata simu. Kesho yake, saa ile ile, ikaita tena. Siku ya nne Faustina alibadili njia. "Basi usisome. Nisomee mimi. Macho yangu yamevimba kwa vumbi la barabara, na kitabu changu mtoto amekimwagia uji. Ukurasa mmoja tu."

Kumkatalia mtu mwenye macho mabovu Shufaa hakuweza. Alifungua zipu, akatoa kitabu, akasoma ukurasa mmoja kwa sauti huku upande wa pili akisikia malori yakipita Ilula. Kesho wakasoma viwili. Hivyo ndivyo alivyorudi kwenye kitabu. Hamu haikuwapo, ilikuwapo aibu ya kumwangusha mwenzake. Siku nyingine alirudia aya moja mara sita asipate kitu. Siku nyingine alifungua daftari na kuandika maneno aliyoyachapa miaka tisa bila kujua maana yake, akayatafuta moja moja kwenye kamusi ya simu hadi bando likaisha.

Mwezi wa saba mwenye steshenari alimpigia. Akamjulia hali, akazunguka zunguka, kisha akasema ameweka mtu mwingine kwenye kompyuta, kwa muda tu. Shufaa akamshukuru. Alijua muda huo hauna mwisho.

Mwisho wa mwezi huo huo Faustina alimtumia tangazo la chuo kwa Wasap: mtihani utafanyika Iringa, Jumamosi, tarehe ishirini Septemba, kuanzia saa tatu asubuhi. Shufaa aliinuka akaisogelea kalenda ya Bi Mwantumu. Tarehe ishirini Septemba ilikuwa imezungushiwa duara jekundu. Ndiyo siku aliyopangiwa kutoka eda.

Mbeya mpaka Iringa ni safari ya saa sita au zaidi. Kwa kuwahi saa tatu lazima alale huko Ijumaa, na kulala nje ya nyumba ndicho kitu ambacho mjane hafanyi. Aliihesabu eda upya, akaanza Mei, akaanza Septemba kurudi nyuma. Jibu halikubadilika. Akakirudisha kitabu kwenye begi.

Hakumwambia mtu. Simu ya Faustina iliita siku tisa mfululizo bila kupokelewa. Shufaa alikaa akitazama matofali ya jirani. Alikuwa ameshajua yapo mangapi kwenye kila mstari. Alijiambia hata angesoma vipi asingefika, na kama angefika angefeli, na kama angefaulu angekuwa wakili akiwa na miaka arobaini na kitu, asiye na mume, asiye na kazi. Mawazo hayo yalizunguka chumbani naye kwa sababu hayakuwa na pengine pa kwenda.

Siku ya kumi mlango ulibishwa. Faustina aliingia na tenga la nyanya na uchovu wa safari, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya Bi Mwantumu.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba. Nilipaswa kuja mapema."

"Marahaba, binti. Umetoka Ilula mpaka huku?"

"Ndiyo, mama. Simu ya mwenzangu ilikuwa haipokelewi, nikaona nije niione."

Shufaa alitazama chini. Faustina hakugusia mtihani. Alimenya vitunguu, akapika mchuzi, wakala. Baada ya chakula ndipo akajinyoosha mkekani akasema, kama mtu anayeleta habari za kwao, "Mama, hebu nikuulize. Kila basi linalosimama kwetu hununua nyanya. Basi la bluu halikununua nyanya. Basi la bluu lilifanyaje?"

"Halikusimama," akajibu Bi Mwantumu.

"Sawasawa. Basi jekundu limenunua nyanya. Lilisimama?"

"Lilisimama. Lingenunuaje linakimbia?"

"Hapana, mama. Hatujui."

"Hatujui vipi? Nyanya zimeingia zenyewe?"

"Tumeambiwa kila linalosimama hununua. Hatujaambiwa kila linalonunua limesimama. Labda limenunulia kwingine."

Bi Mwantumu aliweka kikombe chini. "Huo ni ujanja."

"Ndio mtihani wetu huo, mama. Hauulizi unachojua. Unauliza ulichoambiwa."

Mama mkwe alidai swali lingine, akakosa, akagomba, akadai lingine. Shufaa alijikuta anamsahihisha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mei nyumba ile kusikia watu watatu wakisema kwa pamoja. Kisha Bi Mwantumu akauliza mtihani wenyewe ni lini, na Faustina akamwambia.

Uso wa mama ukabadilika. Alitazama kalenda, akamtazama Shufaa. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tarehe ishirini nimeshawaalika watu. Wa Iringa, wa Tukuyu, wa Ubaruku. Utaogeshwa, dua itasomwa, mwanangu ataombewa. Mjane hatoki eda yumo kwenye basi."

"Sikuomba kwenda, mama."

"Basi usiombe."

Faustina, Mkatoliki katika nyumba ya watu, hakutia neno. Aliondoka asubuhi yake. Mlangoni alimshika Shufaa mkono. "Soma kama mtu anayekwenda," alisema. "Ukizuiwa, uzuiwe umeshasoma."

Mwezi wa nane ulikuwa mrefu kuliko yote. Shufaa alisoma akijua hatakwenda, na hakuna kazi ngumu kama hiyo. Alijiwekea saa mbili za kusoma asubuhi na nyingine mbili mchana, akazitimiza siku nne za wiki, siku tatu akashindwa. Kuna siku alilia juu ya karatasi ya maswali mpaka wino ukachuruzika, akaianika dirishani, ikakauka, akaendelea na swali la saba. Bi Mwantumu alipita na kurudi, na kalamu nyekundu ikaendelea kufuta.

Ijumaa tarehe tano Septemba zafa ya Maulidi ilipita barabarani. Shufaa alisikia dufu likikaribia, watoto wa madrasa wakiimba kaswida, spika ya msikiti ikitangaza kwamba leo ni mwezi kumi na mbili Mfungo Sita, kwa tarehe za Kiislamu. Alikuwa anakunja nguo. Mikono ikasimama.

Farhan alifariki mwezi kumi na mbili Mfungo Pili. Alikumbuka kwa sababu imamu aliitaja tarehe hiyo kwenye tangazo la mazishi. Pili mpaka Tatu, mmoja. Nne, Tano, Sita. Miezi minne ilikuwa imetimia siku ile ile, dufu likilia. Zilibaki siku kumi, na eda yake itakwisha Jumatatu tarehe kumi na tano. Kalenda ya pembejeo ilikuwa imehesabu miezi ya serikali. Ilikuwa imemwongezea siku tano.

Alikaa chini, akachukua karatasi, akaiandika kama alivyokuwa akichapa hati za watu: tarehe ya kifo, hesabu ya mwezi mwandamo, hesabu ya kalenda, tofauti, na mwisho ombi. Akamsomea Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu alisikiliza mpaka mwisho. "Chai imepoa," alisema. "Ipashe."

Siku mbili hakulitaja jambo hilo. Shufaa hakujua kama amekasirika, au atamwendea sheikh, au ameliacha lipite. Alijaribu kusoma, macho yakawa yanaenda mlangoni kila aliposikia kandambili za mama zikiburuzika.

Jumapili asubuhi walikuwa wanachambua mchele, kila mmoja na ungo wake.

"Nilijua," alisema Bi Mwantumu.

Shufaa aliinua kichwa.

"Mimi nimekaa eda ya baba yake Farhan. Nilihesabu kwa mwezi, kama wanavyohesabu Waislamu wote. Mtu hanifundishi."

"Sasa mbona, mama…"

"Ukitoka eda, mimi hapa nabaki kufanya nini?" Alikuwa anatoa vijiwe, akiviweka pembeni kimoja kimoja. "Nitarudi Iringa kwa binti yangu. Nyumba yake haina hata shati la Farhan. Hapa nikiamka nalikuta koti lake nyuma ya mlango. Nikaona siku tano si dhambi kubwa. Sikujua una safari. Nilipojua, nilikuwa nimeshachora duara, na mtu mzima kufuta alichochora ni kazi."

Shufaa alisogeza ungo wake, akamshika goti. Kwa miezi yote alimwona yule mama kama bawabu, na kumbe walikuwa wamefungiwa mlango mmoja.

"Jumatatu ya tarehe kumi na tano, jua likichwea," alisema Bi Mwantumu. "Nitawapigia watu simu, watakaoweza kuja waje, wengine wataomba dua walipo."

Wakaja wachache. Shufaa aliogeshwa, akavalishwa gauni jipya la kijani, akafukizwa udi, dua ikasomwa. Jumanne asubuhi alitoka peke yake kwenda sokoni kununua kalamu. Alikuwa ameiota safari hiyo miezi minne, lakini alipofika kwenye kona ya vibanda hakuweza kusonga mbele. Watu walikuwa wengi mno, jua kali mno, kila mtu akimgusa. Alisimama akishikilia nguzo ya kibanda mpaka muuzaji akamuuliza kama anaumwa. Alinunua kalamu mbili akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa mahali pale pale kwenye mkeka. Hapo ndipo alipoogopa kweli: kwamba ndani pamemzoea.

Alhamisi walipanda basi wote wawili. Koti la Farhan lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wa mama mkwe. Iringa mjini Bi Mwantumu alishuka, akageuka akiwa ngazini.

"Ukiulizwa habari za basi jekundu," alisema, "sema hujui."

Shufaa aliendelea mpaka Ilula. Ijumaa nzima walisoma nyuma ya banda la nyanya, Faustina akinyanyuka kila basi liliposimama na kurudi akiuliza wameishia wapi.

Jumamosi chumba cha mtihani kilikuwa na watu wapatao themanini. Msimamizi alipofunga mlango, Shufaa aliona ukuta wa matofali umerudi. Dakika kumi nzima hakuandika. Faustina alikuwa mistari miwili mbele, shingo imeinama, mkono unakwenda. Shufaa alisoma swali la kwanza kwa kunong'ona, kama alivyokuwa akimsomea kwenye simu. Ndipo akaanza. Karatasi ya kwanza aliimaliza. Ya pili aliacha maswali mawili wazi, na alipotoka hakuweza kusema ameitendea vipi.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Oktoba. Shufaa: sitini na tatu, hamsini na mbili. Faustina: hamsini na nane, arobaini na sita.

Alipiga Ilula mara nyingi. Simu ilikuwa imezimwa. Bi Mwantumu alipopewa habari za Shufaa alipiga kigelegele kwenye simu, kisha akauliza, "Na yule binti wa nyanya?" Shufaa alipomwambia, akasema hii dunia haina mizani.

Shufaa alikwenda Iringa kujiandikisha wiki ya pili ya Novemba. Alipomaliza mihuri na picha za pasipoti alipanda gari la Ilula. Alimkuta Faustina amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akitenga nyanya mbivu na mbichi. Alikuwa amekonda.

"Hongera, dada," Faustina alisema bila kusimama. "Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Ila usiniulize kama nitarudia. Leo usiniulize."

"Sikuulizi."

Basi likasimama. Faustina akainuka akakimbilia madirishani na ndoo yake, wenzake nyuma. Shufaa alivuta ndoo nyingine akakaa, akaanza kutenga zilizobaki. Walifanya hivyo mpaka saa kumi, wakiongea habari za bei, za mvua iliyochelewa, za mtoto wa Faustina aliyekuwa amevunjika mkono. Kisha Shufaa akaaga, akavuka barabara kusubiri gari la kurudi Iringa. Masomo yalikuwa yanaanza kesho yake asubuhi.